Mbwa wako wakiumana: vile utajua ni mchezo ama ni vita, na vile utawatuliza

Ukiwa na mbwa wawili ama watatu kwa boma moja, iwe ni Lanet, Kiamunyi, Free Area ama huko Njoro kwenye ploti bado ni kubwa, lazima umeshaskia ile makelele ya jioni ukadhani mmoja anauawa. Unatoka mbio na ufagio mkononi, unakuta wamelala chini ulimi nje wanakuangalia tu. Alafu kuna siku ingine hukuskia kitu, kimya kabisa, ukitoka unaona damu kwa sikio. Sisi wengi tunapima mbwa na makelele na meno, na hivyo viwili vinadanganya sana. Cha kuangalia ni kimoja: huyu anayeumwa, bado anataka kucheza? Hii yote naandika hapa inazunguka hilo swali.

Saa hizi kwangu kuna Bosco, dume kubwa chotara wa shepadi, na Kadogo, jike wa kienyeji ambaye hata akisimama hafiki kifua cha Bosco. Nimefuga mbwa hapa Nakuru miaka mingi na majirani huniita wakishindwa na wao, kwa hivyo haya ni mambo ya kuona na macho, pamoja na yale madaktari wa mifugo hufundisha.

Hatua ya 1: Weka fimbo chini kwanza

Naanza na hii juu ndio inaharibu mbwa wengi. Mbwa wakishikana na wewe ukawapiga, mbwa haelewi ati unampiga kwa sababu ameuma. Anachoshika ni kwamba mwenzake akikaribia, maumivu yanakuja. Kesho akimwona mwenzake anakaza mwili hata kabla hawajagusana. Alafu kuna hasara ingine mbaya zaidi: ukimpiga kila akinguruma, anaacha kunguruma. Watu hufurahia hapo wanasema ameshika adabu, na kumbe umemnyang'anya sauti ya kuonya, siku akichoka na mwenzake atauma bila kusema kitu. Mngurumo ni maneno ya mbwa, anasema "niachie nafasi". Muachie aseme, wewe kazi yako ni kumpa hiyo nafasi.

Hatua ya 2: Kaa chini uwaangalie wakicheza

Chukua kiti, kaa kando, usiwaite, usiwacheke, waangalie tu. Fanya hivyo jioni kadhaa. Mchezo mzuri una alama zake na ukishazijua huwezi kuzisahau.

Ya kwanza ni ile kuinama, mbwa anashusha kifua na mikono ya mbele mpaka chini, matako yako juu, mkia unapepea. Hapo anaomba mchezo, na saa zingine anarudia hiyo katikati ya mchezo akishauma kidogo kwa nguvu, kumwambia mwenzake bado ni mchezo. Ya pili ni kubadilishana: huyu anamkimbiza yule, alafu yule anamkimbiza huyu, huyu ako juu, baadaye ako chini. Ya tatu ni mwili kuwa laini. Mdomo uko wazi, mwili unapindapinda, wanaruka kwa fujo isiyo na maana, na kila baada ya muda mfupi wanaachana, mmoja anajikung'uta mwili kama ametoka kwa maji, mwingine ananusa nyasi, alafu wanaanza tena.

Ukimwangalia Bosco na Kadogo utaona kitu cha ajabu. Bosco anaeza kumlalia Kadogo na kumaliza mchezo, lakini anajilaza chini mwenyewe, mgongo chini, miguu juu, Kadogo anapanda anamvuta ngozi ya shingo akinguruma kama simba, na Bosco anamfungulia mdomo wote bila kuufunga, meno yanapita juu ya kichwa cha Kadogo hayagusi. Huyo ni mbwa mkubwa anapunguza nguvu zake ili mdogo aendelee kucheza. Ukiona hivyo usiwe na wasiwasi hata kama makelele yanafika kwa jirani.

Sasa alama za upande ule mwingine. Mwili unakauka kama mbao. Mdomo unafungwa. Mkia unasimama juu ukitetemeka kidogo, ama unaingia katikati ya miguu. Macho yanakaza mahali pamoja, hayapepesi. Mmoja anaweka kidevu ama mkono juu ya mabega ya mwenzake na kusimama hapo. Mmoja ndiye anayekimbiza siku zote na mwingine ndiye anayekimbizwa siku zote, na huyo anayekimbizwa anajificha chini ya gari, nyuma ya tangi la maji, anakuja kwa miguu yako. Mngurumo unashuka chini kifuani, hauna ile kupanda na kushuka ya mchezo. Manyoya ya mgongo kusimama peke yake hayatoshi kukupa jibu, juu husimama hata mbwa akiwa na furaha kupita kiasi, lakini yakisimama pamoja na mwili kukauka, ingilia kati hapo hapo.

Hatua ya 3: Kama huna uhakika, mshike yule mkali

Hii ni njia rahisi na inafanya kazi. Ukiona mchezo umekuwa mzito na hujui kama mdogo anafurahia ama anavumilia, enda pole pole umshike yule anayesukuma zaidi, umtoe kando, umshikilie kidogo. Alafu muangalie mwingine. Akirudi mwenyewe, akamrukia, akamwinamia, basi alikuwa anafurahia, waachilie. Akitumia hiyo nafasi kwenda zake, kujilamba mdomo, kujificha, basi alikuwa amechoka na hakuwa na njia ya kutoka. Mchezo umeisha kwa hiyo jioni, mpeleke yule mkali mahali pengine atulie. Fanya hii wakiwa bado kwa mchezo tu. Wakishaingia kwa vita usipeleke mkono kwa shingo ya mbwa, tutafika hapo.

Hatua ya 4: Ile saa ya kufungua kibanda

Hapa kwetu mbwa wengi hufungiwa kibandani asubuhi mpaka giza, alafu wanafunguliwa wote mara moja walinde usiku. Fikiria mnyama amekaa siku mzima kwa sehemu ya mita mbili, amebweka kila bodaboda ikipita, amenusa chakula ikipikwa, na sasa mlango unafunguliwa na wote watatu wanatoka kwa mlango mmoja wakisukumana. Vita vingi nimeitwa kutuliza vilianzia hapo hapo kwa mlango, dakika ya kwanza.

Fungua mmoja mmoja. Anza na yule mtulivu, mwache anuse, akojoe, azunguke, alafu baada ya dakika kama kumi mfungue wa pili. Usimfungue yule ambaye anaruka akigonga mlango, ngoja miguu yote minne ikae chini ndio mlango ufunguke, atajifunza haraka kuliko unavyodhani. Na kama unaweza, wagawe zamu, mmoja awe nje asubuhi na mwingine mchana, kuliko wote kushinda ndani.

La muhimu zaidi ni watembee. Nusu saa ya kutembea na kamba kwa barabara ya murramu asubuhi mapema kabla magari hayajawa mengi, wakinusa kila kichaka, inatoa moto mwingi sana mwilini. Mbwa akinusa anafanya kazi na kichwa na hiyo kazi inachosha. Kama huna hiyo nusu saa, tawanya chakula chake kavu ama vipande vya ugali kwa nyasi atafute mwenyewe na pua, kila mbwa kona yake.

Hatua ya 5: Sufuria moja ni vita ya kila siku

Ile tabia ya kumwaga ugali na omena kwa sufuria moja kubwa ama karai ukasema watagawana, achana nayo leo. Hawagawani. Mwenye nguvu anakula, mwingine anameza haraka haraka bila kutafuna, na kila mlo unakuwa mashindano. Kila mbwa chombo chake, na vyombo visikae karibu. Mmoja nyuma ya nyumba, mwingine mbele, ama mmoja ale ndani ya kibanda mlango umefungwa. Wote wakimaliza, okota vyombo uviweke mbali, juu sufuria tupu yenye harufu ya supu bado ni mali ya mtu.

Mifupa ndio mbaya kabisa. Jirani alikuwa ananunua mifupa kwa bucha Ijumaa jioni, anawarushia mbwa wake wawili uani, na kila Ijumaa wanatoana damu. Akaniuliza, "Baba Kevo, hizi mbwa zangu wiki mzima ni marafiki, mbona Ijumaa zinakuwa wazimu?" Nikamwambia, "Mama Shiro, mfungie kila mmoja na mfupa wake, alafu uniambie Ijumaa ijayo." Vita viliisha bila dawa wala kiboko. Na mifupa iliyopikwa usiwape hata kidogo, hasa ya kuku, inavunjika vipande vikali na kutoboa matumbo.

Chakula si mali pekee. Mbwa hugombania mahali pa kulala, kivuli, mlango wa jikoni, na wewe mwenyewe. Ukifika nyumbani wote wakakurukia, usiwashike shike hapo kwa geti wakiwa wamebanana. Pita, ingia, wakitulia ndio umsalimie kila mmoja peke yake.

Hatua ya 6: Geti

Hii watu hawaijui na ndiyo inawashangaza wengi. Mbwa wawili wanaopendana wanaenda kwa geti kubweka mbwa koko anayepita ama mtu wa boda. Hawawezi kumfikia. Hasira imepanda mpaka juu, hakuna pa kuishukishia, na ghafla mmoja anageuka anamuuma mwenzake aliye kando yake. Ukikosa kuona mwanzo utasema mbwa wako wamekuwa na chuki. Hakuna chuki hapo, ni moto umekosa pa kutokea ukamwangukia aliye karibu.

Dawa yake ni kuziba macho. Kama geti yako ni ya vyuma vya kuona nje, funika sehemu ya chini na mabati ama shedineti. Kama ua ni wa kei apple ama waya, panda ama weka kitu kizito hapo chini. Wafundishe kuitika ukiwaita kutoka kwa geti (nakuja kwa hiyo), na zile saa geti ina shughuli nyingi, kama saa ya watoto kutoka shule, wafungie nyuma.

Hatua ya 7: Wafundishe kuacha wakiwa bado watulivu

Mbwa hawezi kujifunza katikati ya vita. Jifunzeni saa ya amani. Chukua vipande vidogo vya matumbo yaliyochemshwa, ama omena, kitu chenye harufu kali. Mwite jina mara moja, akigeuza kichwa tu, mpe. Rudia mara chache, dakika tano, kila siku, kila mbwa peke yake kwanza. Baadaye mwite akiwa ananusa kitu. Baadaye mwite akiwa anacheza na mwenzake lakini mchezo ni wa chini. Akija, mpe, alafu mwambie arudi kucheza. Hiyo ya kurudi kucheza usiisahau, juu mbwa akijua kila akiitika mchezo unaisha, ataacha kuitika.

Ukishafika hapo uko na breki mkononi. Mchezo ukianza kupanda, unaita, wanakuja, wanakula kipande kimoja kimoja, pumzi inashuka, wanaendelea. Mchezo mkali haukosi kupanda ukiachwa uende tu bila kukatwa, kwa hivyo kata mapema na ukate mara nyingi.

Hatua ya 8: Kama anayeuma ni mtoto

Kitoto cha mbwa kinauma kila kitu na hiyo ni kawaida. Meno ya utoto ni 28, makali kama sindano, yanaanza kung'oka akiwa na miezi kama mitatu na nusu, na ya ukubwa 42 yanakuwa yamejaa akiwa na miezi sita ama saba hivi. Katikati hapo ufizi unawasha, mpe kitambaa kilichofungwa fundo, kilichoroweshwa kwa maji baridi, atafune hicho aache mguu wa mwenzake.

Kipimo cha kuuma mbwa anafundishwa na mama yake na ndugu zake. Akiuma ndugu kwa nguvu, ndugu analia na mchezo unasimama, hapo anajifunza kupunguza. Ndio maana kile kitoto unauziwa kando ya barabara ndani ya katoni, cha wiki nne ama tano, kinakuja kikiwa hakijamaliza hilo somo. Ngoja kifike wiki nane. Najua muuzaji atakwambia ukichukua mapema atakuzoea vizuri, usimsikize.

Mbwa mzima akimwonya mtoto, anaguruma, anamwonyesha meno, anampiga na pua, mtoto analia anarudi nyuma, na mzima anaacha hapo hapo, hiyo ni malezi mazuri, usiingilie. Mtoto akiwa chini analia na mzima bado anaendelea, ama mzima ameanza kumwinda akiwa mbali, watenge mara moja. Pia mpe mzima mahali mtoto hafiki, mzee wa miaka tisa mwenye magoti mabovu hafai kushindwa na pa kukimbilia. Na mtoto wa mbwa akizidi fujo jioni, mara nyingi amechoka tu, wanahitaji kulala masaa 18 mpaka 20 kwa siku. Mlaze.

Wasichana na vijana wa nyumba nao wafundishwe, kusukumana na mbwa kwa mikono mitupu na kumchokoza mdomo ni kumfundisha kwamba ngozi ni ya kuuma.

Hatua ya 9: Jike, dume na hiti

Jike akiingia hiti, yaani ule msimu wa kutaka dume, ambayo huja karibu kila miezi sita na inakaa kama wiki tatu, madume ambao walikuwa ndugu wanauana. Mfungie jike mahali imara kabisa, na madume wawe mbali na pia wasiwe pamoja. Kuhasi dume na kumtoa jike kizazi na ovari kunaondoa hii shida ya hiti, na pia unaepuka watoto usio na mahali pa kuwapeleka. Lakini usitarajie upasuaji uponye kila kitu. Mbwa anayeuma kwa woga ama kwa sababu ya chakula, ataendelea mpaka ushughulikie huo woga na hicho chakula.

Majike wawili kwa boma moja wakianza kupigana kwa dhati, hasa wakishavuka mwaka mmoja mpaka mitatu, huwa wagumu kupatana kuliko dume na jike. Kama bado hujachukua wa pili, chukua jinsia tofauti na uliye naye na utakuwa umejipunguzia kazi nusu. Na usichukue ndugu wawili wa tumbo moja ukidhani watapendana zaidi.

Hatua ya 10: Vita vimeshaanza, fanya hivi

Mkono usiingie katikati. Rudia hiyo kwa kila mtu wa nyumba, hasa watoto. Mbwa akiwa kwa vita haangalii ni mkono wa nani, anauma kinachomgusa.

Usipige nduru ukiita majina yao, nduru zinawapandisha. Gonga sufuria na mwiko karibu nao, ama gonga mabati, sauti ya ghafla inaeza kuwaachanisha. Kama haijatosha, maji: ndoo nzima kwa uso, ama paipu ya maji ielekezwe puani na machoni. Kama hakuna maji, tupa blanketi zito juu yao, ama sukuma kitu kipana katikati, ubao, kiti cha plastiki, mfuniko wa pipa.

Vyote vikishindwa na mko watu wawili wazima, kila mtu ashike mbwa mmoja miguu ya nyuma, juu kwa mapaja, muinue na kurudi nyuma kwa pamoja kama mtu anavuta wilibaro. Mkishaachanisha msisimame, endeleeni kurudi nyuma mkizunguka kidogo, ili asipate kugeuka na kukuuma, mpaka kila mmoja afungiwe mlango wake. Mmoja akiwa ameshikilia kwa meno hajaachilia, usivute, utachana nyama. Ngoja alegeze kidogo kubadilisha mshiko ndio umvute. Ukiwa peke yako, pitisha kamba kiunoni mwa mmoja mbele ya mapaja, funga kwa nguzo ama mti, alafu mvute yule mwingine.

Usiwakutanishe jioni hiyo ati wapatane. Mwili wa mbwa unachukua muda mrefu kushuka, masaa mengi, saa zingine siku mbili ama zaidi. Waache mbali, kila mmoja ale peke yake. Kuwarudisha, anzia nje ya boma, barabarani, kila mbwa na mtu wake na kamba yake, mtembee upande mmoja mkiwa mmeachana mita kadhaa, wasitazamane uso kwa uso. Wakitulia mnapunguza nafasi. Mkirudi mnaingia boma pamoja, vyombo na mifupa na matandiko yote yakiwa yameshaondolewa.

Hatua ya 11: Vidonda

Meno ya mbwa yanaacha tundu dogo juu na mfuko mkubwa chini. Unaona kidoti tu, baada ya siku mbili tatu pamevimba usaha. Pitisha vidole polepole chini ya manyoya, shingoni, makwapani, kwa masikio, ndani ya mapaja, mfunge mdomo na kitambaa kama anaumia juu hata mbwa mpole huuma akiguswa kidonda, ila usimfunge kama anapumua kwa shida. Osha na maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Usipake oili chafu ya gari, usipake jivu, usimwage spiriti ndani. Na tafadhali usimpe dawa za binadamu za maumivu, paracetamol, ibuprofen, diclofenac, hizo zinaeza kumuua.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo kama kidonda kimeingia ndani, kiko kwa jicho, kifua ama tumbo, damu haikatiki, ama ni mbwa mdogo ameshikwa na mkubwa akatikiswa. Huyo wa kutikiswa anaeza kuwa mzima kwa nje na ndani ameumia vibaya. Uliza kama anayemtibu amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, usichomewe mbwa sindano na yeyote tu wa kuuza dawa kwa agroveti.

Mtu akiumwa, hata kidogo, hata na mbwa wa nyumba: maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, alafu hospitali siku hiyo hiyo, daktari ndiye ataamua kuhusu sindano za kichaa cha mbwa. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Mbwa aliyeuma asiuawe, afungiwe salama aangaliwe siku 10. Kenya iko na mpango wa mwaka 2014 mpaka 2030 wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, na msingi wake ni angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, kwa hivyo chanjo ya mbwa wako inalinda mtaa mzima. Ya kwanza ni akiwa na miezi mitatu, alafu kila mwaka. Ukiwa huna pesa, uliza ofisi ya mifugo ya kaunti karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kaunti zingine huchanja bure wakati huo.

Hatua ya 12: Kama amebadilika ghafla

Mbwa mpole wa miaka mitano hageuki mkali wiki moja bila sababu. Mara nyingi ni maumivu: jino bovu, sikio lililooza ndani, mguu, nyonga, mgongo. Anamuuma mwenzake kwa sababu mchezo unamuumiza. Daktari kwanza, mafunzo baadaye. Lakini kama ubadiliko umekuja na mate mengi, kushindwa kumeza, kuyumba, kuuma hata mawe na hewa, ama sauti ya kubweka imebadilika, hicho kinaeza kuwa kichaa cha mbwa, usimguse kabisa, funga geti, toa watoto, upige simu kwa ofisi ya mifugo.

Kuna mbwa wachache ambao hawatakaa pamoja, hata ufanye yote haya. Kama kila wakipigana vidonda ni vibaya kuliko vya mara ile ingine, kama wanatafutana kupitia waya, kama mmoja haleti mwili wake nje ya kibanda tena, basi waishi kwa zamu na milango miwili katikati yao, ama mmoja apate boma lingine. Kumpeleka kwingine si kumtupa, ni kumpa maisha bila woga, na anaeza kuwa mbwa mzuri sana akiwa peke yake. Usimwachilie sokoni ama kando ya barabara kuu. Na ukimpeana, mwambie anayemchukua ukweli wote: anagombania nini, na mbwa wa aina gani, ameshauma nani, chanjo ya mwisho ilikuwa lini, na umpe ile kadi ya chanjo aende nayo.